Yule Kijana Mwingine Ndani ya Gari

Delmar Stuckey alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, iliyomlisha, ilikuwa kuendesha lori la gesi na kujaza matangi yaliyo nyuma ya nyumba za watu, kuanzia Sand Hill hadi mwisho wa wilaya. Ya pili hakuna aliyemlipa, na ndiyo iliyompa jina: kila Jumatatu jioni alipiga simu redioni kwenye kipindi cha mashabiki wa Korongo, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Okatoma. Mtangazaji, Skip Lanier, hakuwa na haja ya kumuuliza ni nani. "Delmar wa Gesi yuko hewani," alisema, na watu majumbani wakaongeza sauti.

Tusimnyime haki yake, kipaji alikuwa nacho. Kocha akiharibu, Delmar alimchambua kama karanga. Mchezaji akidondosha mpira, alimtania mpaka hata mama wa mchezaji akacheka. Chuo chenyewe hakukanyaga darasani hata siku moja, wala hicho wala kingine, lakini ukikaa naye utasikia ni sisi tu: sisi tulilala kipindi cha pili, sisi hatuna ulinzi upande wa kushoto, sisi mwaka huu hatushikiki.

"Sisi?" mkewe Wynette alikuwa akimwambia. "Wewe ulikuwa kwenye kochi na bakuli la karanga za kuchemsha."

"Na ningeacha kuzila tungefungwa, mama. Wewe hujui mpira."

Ndivyo walivyoishi, na walipendana.

Jumamosi za mechi ya nyumbani Delmar aliegesha pikapu yake kwenye kiwanja cha nyasi nje ya uwanja mapema, umande bado upo, akasimamisha hema la kijani na kuwasha makaa. Mbavu za nguruwe zilikaa kwenye moshi mpaka nyama ikaachia mfupa yenyewe. Jirani yake pale, miaka nenda miaka rudi, alikuwa Bi Earnestine Gaddis, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke mweusi mrefu mwenye sauti ya kwaya na mkono usiokosea chumvi. Mji wao ni ule ule tunaoujua, Jumapili kila rangi na kanisa lake. Lakini Jumamosi Delmar, mzungu yule, alikula mayai ya kuchemsha ya kujaza ya Bi Earnestine kutoka kwenye sinia lile lile, na Bi Earnestine akampigia kelele kwamba mbavu zake zina sukari mno. Hakuna mwaka waliokosana.

Bi Earnestine alikuwa na mjukuu, Lavonte, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Kijana alikulia kati ya mahema yale mawili, na alipomaliza sekondari akajaribu bahati yake Okatoma, akachukuliwa. Si mchezaji wa kuimbwa. Kazi yake ilikuwa kuinama, kushika mpira, na kuupitisha katikati ya miguu yake kwenda kwa mpiga teke aliye nyuma. Hiyo tu. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua upo, ukikosea mara moja unatajwa mpaka kwenye misiba. Lavonte hakuwa amekosea, na mwaka ule chuo kilimpa ufadhili kamili. Bi Earnestine alilia mbele ya watu wote kiwanjani, sinia mkononi, na Delmar akamwambia anamwagia mayai machozi.

Haya. Ikaja wiki ya Tensaw.

Tensaw ndio mahasimu. Wiki hiyo hakuna anayevaa nyekundu, rangi yao, hata kama ndilo shati pekee lililo safi. Mchungaji huomba ushindi kwa maneno ya kuzungukazunguka, na watu huitikia amina kwa nguvu kuliko Krismasi. Jumatatu ya wiki hiyo, asubuhi, Delmar alisimamisha lori kwenye kituo cha mafuta cha Ouida Crabtree ili anunue kahawa, akakuta watu wamejikunyata kwenye kaunta, hakuna anayeongea.

"Nani kafa?" akauliza.

"Bora angekufa mtu," Ouida akasema. "Wamemkamata Trace."

Delmar alishika ukingo wa kaunta. Trace Wyndham, mtoto wa daktari wa meno, ndiye aliyekuwa mrushaji mkuu, mkono wa timu nzima. Bila yeye hakuna Tensaw, hakuna msimu, hakuna chochote. Na kila mtu mle dukani alijua jambo jingine: Trace alikwisha kukutwa na bangi wakati wa masika, akasamehewa, na chuo kikatangaza kwamba akikutwa tena hatacheza mwaka mzima.

"Kwa kosa gani?"

"Polisi wamesimamisha gari jana barabara kuu. Bangi, na mfuko wa vidonge chini ya kiti. Wawili ndani, na kila mmoja kafunga mdomo. Hakuna anayesema ni vya nani. Wametolewa kwa dhamana asubuhi hii."

Mzee Hollis Boatwright, ambaye alikuwa mlinzi wa lango la uwanja tangu enzi za babu zetu, akagonga fimbo yake chini. "Wafukuzwe! Siku zetu mchezaji akishikwa na kopo la bia anakimbizwa ngazi za uwanja mpaka atapike. Hawa wa sasa wanabembelezwa kama mayai. Nasema wafukuzwe wote!"

"Hata Trace?"

Mzee Hollis akafikiri. "Trace afukuzwe Jumapili."

Watu wakacheka, cheko la msibani. Wakati huo huo mlango ukasukumwa akaingia Royce, shemeji yake Ouida, na trei la mikate. Royce ni Tensaw damudamu, na siku kama ile alikuwa ameisubiri kwa maombi.

"Jamani Korongo, poleni! Nasikia mwaka huu mnapaa hata bila mabawa! Kama mmeishiwa majani mniambie tu, jana nimekata uani kwangu, nawaletea gunia."

"Royce, shusha mikate utoke kabla sijakutandika nayo," Ouida akamwambia.

"Natoka, natoka. Lakini Jumamosi nani anarusha mpira? Mzee Hollis?"

Aliondoka anacheka peke yake. Delmar hakucheka. "Na huyo wa pili kwenye gari ni nani?" akauliza.

Ouida akatazama simu yake. "Lavonte Gaddis."

"Ndiye nani huyo?" Mzee Hollis akauliza.

Delmar alijua ndiye nani. Alijua mpaka saizi ya viatu vyake, kwa sababu Bi Earnestine alimlalamikia kila mwaka jinsi miguu ya mtoto isivyoacha kukua. "Anayepitisha mpira nyuma," akasema. "Kwa mpiga teke."

"Aa," Mzee Hollis akasema, akakoroga kahawa yake. "Basi huyo si tatizo."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema neno, na Delmar hakulisema. Alilipia kahawa akarudi kwenye lori. Kutwa nzima, tangi hadi tangi, kichwa chake hakikupumzika. Na alichokifikiria, Mungu amsamehe, hakikuwa vijana wawili waliolala rumande. Aliwaza hesabu ya mpira: tuna wachezaji wawili, adhabu moja, na mechi moja. Nani tunaweza kumkosa? Mwenye kosa la pili anamaliza msimu, mwenye kosa la kwanza anakaa nje mechi chache. Mechi chache za mtu wa kupitisha mpira! Ukiliangalia hivyo jibu linakuja lenyewe. Mashabiki wote wa Okatoma walikuwa wakipiga hesabu ile ile siku ile, ila wengine hawakuwa na simu ya Skip Lanier.

Saa kumi na mbili jioni akaketi jikoni, Wynette akikaanga bamia, akapiga simu.

"Delmar wa Gesi yuko hewani," Skip akasema. "Delmar, mashabiki wanalia. Tufute machozi."

"Skip, mimi silii, mimi nawaza," Delmar akasema, na sauti yake ilikuwa na ule utamu wake. "Ndani ya lile gari kulikuwa na vijana wawili. Mmoja tunamjua, na akianguka sisi sote tumeanguka. Sasa yule kijana mwingine, huyo hana doa, hajawahi kuitwa ofisini hata kwa kuchelewa. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningekwenda polisi kesho asubuhi, nivue kofia, niseme: afande, vile vitu ni vyangu. Kwisha! Watanipiga faini, nitakaa benchi mechi mbili, halafu mpaka naingia kaburini hakuna Korongo atakayeniacha nilipie chakula mwenyewe. Hiyo ndiyo timu, Skip. Wengine wanaitumikia kwa mkono, wengine kwa mgongo."

Skip alicheka mpaka akakohoa. "Umesikia, kijana mwingine? Delmar kakuachia maagizo!"

Delmar aliweka simu chini. Wynette alikuwa amezima jiko, bamia zimebaki mbichi upande mmoja.

"Delmar, hivi unamjua uliyemsema?"

"Sijamtaja mtu."

"Nakuuliza unamjua?"

"Ni maneno ya redio, Wynette. Watu wanapiga soga. Nani anafuata maneno ya redio?"

"Yule mtoto anakusikiliza tangu hajaota meno," Wynette akasema, na hakula naye jioni ile.

Jumanne kituo cha redio kilikata maneno yake kikayachezesha asubuhi, mchana na jioni, pamoja na ngoma ya bendi ya chuo nyuma yake. Wengine kwa mgongo! Watoto wa shule walikuwa wakiambiana. Jumatano kabla ya chakula cha mchana Lavonte Gaddis aliingia kituo cha polisi peke yake, bila wakili, bila bibi yake, akavua kofia, akasema vitu vyote ni vyake na Trace hakujua lolote. Akatia saini.

Kocha alitokea kwenye televisheni jioni na uso wa huzuni ya kupimwa, akasema kijana ameonyesha uanaume kwa kukubali kosa, chuo kimemsimamisha, na Trace atacheza Jumamosi.

Delmar alipoingia kwa Ouida kesho yake walimpigia makofi. Kahawa ikawa ya bure. Mzee Hollis alimkumbatia, mzee ambaye hata mkewe hakumbuki alimkumbatia lini mara ya mwisho. "Umetuokolea msimu, Delmar! Ingelikuwa amri yangu ungejengewa sanamu." Delmar alitabasamu, akatania kwamba sanamu ije na lori lake. Nisiwadanganye, alifurahi. Chini ya ile furaha kulikuwa na kitu kinamkwaruza, lakini alikimeza pamoja na kahawa.

Sasa barabara yake ya Alhamisi ilipita kwa Bi Earnestine. Alitamani kuiruka, lakini baridi ilikuwa imeanza na tangi lake lilikuwa karibu tupu. Alivuta bomba mpaka nyuma ya nyumba, akafunga, akafungua gesi, akasimama ameipa nyumba mgongo. Bi Earnestine akatoka na shali mabegani, ile aliyoifuma mwenyewe. Alikuwa amezeeka ndani ya siku tatu.

"Delmar."

"Bi Earnestine. Pole sana."

"Sijapoa. Delmar, wewe unajua mambo ya timu kuliko mtu yeyote. Nieleze mimi mjinga. Mtoto huyu hanywi hata bia. Nimemuuliza vile vitu ni vyako? Ananitazama tu, anasema bibi, itakuwa sawa, ni mechi mbili. Mechi mbili! Nani kamwambia mechi mbili? Kuna mtu kamshauri. Ni kocha? Ni yule mvulana wa daktari wa meno? Nani?"

Bi Earnestine hakusikiliza kipindi kile. Jumatatu jioni alikuwa na mazoezi ya kwaya, na redio yake jikoni haijawahi kutoka kwenye stesheni ya nyimbo za injili. Kanisani kwake waliosikia walikuwa wengi, ila kila mmoja aliona si yeye wa kumwambia. Delmar alikuwa na nafasi, mbele yake, mchana kweupe, na mwanamke aliyemlisha nusu ya maisha yake akimuuliza uso kwa uso.

"Sijui, Bi Earnestine," akasema. "Hawa vijana wana mambo yao."

"Ukisikia kitu utaniambia?"

"Nitakuambia."

Akafunga gesi, akakunja bomba, akaondoka bila kumpa risiti. Lo! Kumwambia mtu uongo mbele ya tangi lake mwenyewe! Njiani alijiambia atamweleza baada ya mechi, mambo yakitulia. Watu wa mpira kila kitu chao ni baada ya mechi.

Tuliwapiga Tensaw. Nasema tuliwapiga, na mimi nilikuwepo, nikapiga kelele mpaka sauti ikaniisha kama wengine wote. Trace alirusha mabao matatu ambayo watu bado wanayasimulia. Mtoto mwingine, sijui hata wa wapi, alipitisha mpira kwa mpiga teke, akaupitisha vizuri, na uwanja mzima hakuna aliyeona kwamba mtu amebadilishwa.

Nje kwenye kiwanja cha nyasi, nafasi ya Bi Earnestine ilibaki wazi kando ya hema la kijani. Asubuhi jamaa mmoja mgeni alitaka kuegesha pale, Delmar akamfukuza kwa ukali mpaka watu wakageuka. Mbavu zilikuwa tayari, watu wakala, wakaimba, wakampiga mgongoni. Yeye alishika sahani yake mpaka mafuta yakaganda. Wynette alikuwa amebaki nyumbani, akasema kichwa kinamuuma, mwanamke ambaye kichwa hakijawahi kumuuma siku ya mechi.

Yaliyofuata Delmar aliyapata kidogo kidogo, na kila kidogo kilimshusha. Faini haikuwepo. Vile vidonge, vilipopimwa, vilizidi kiasi ambacho sheria ya jimbo inakubali kuwa ni cha mtu kutumia mwenyewe. Kisheria hiyo ni biashara. Mwendesha mashtaka alikuwa anataka kuchaguliwa tena na watu walikuwa wamemnung'unikia kwamba wachezaji wanapendelewa, kwa hiyo akapata mchezaji asiye na mashabiki. Chuo kikafuta ufadhili na kumfukuza kijana kwa barua ya mistari michache. Wakili wa kumtetea aliyepewa na mahakama akasema angekaa kimya wangebaki kubishana vitu ni vya nani, pengine kesi ingekufa. Lakini saini ipo. Alichoweza ni kuomba apunguziwe, na wakampunguzia mpaka miaka miwili. Miaka miwili jela, kwa kitu ambacho mimi nawe na kila mtu wa Okatoma tunajua si chake.

Delmar alipolisikia hilo alishika simu, Jumatatu iliyofuata.

"Delmar wa Gesi yuko hewani! Delmar, mechi ya mwaka mpya tunakwenda kuicheza wapi?"

"Skip, leo sina mzaha. Nataka kusema juu ya Lavonte Gaddis. Maneno niliyosema hapa wiki ya Tensaw yalikuwa ya kipumbavu, na mtoto wa watu aliyafuata. Vile vitu si vyake. Trace Wyndham anajua ni vya nani, na kama ana baba na mama waliomlea—"

"Haa, Delmar, pole pole kaka, mambo ya mahakamani hayo. Twende matangazo, tukirudi tutaongea habari za kocha."

Simu ikakatika. Aliporudia kupiga, iliita tu. Waliopiga baada yake walipokelewa, naye alikaa jikoni akawasikiliza. Mmoja akasema Delmar amezeeka. Mwingine akasema amenunuliwa na Tensaw. Wa tatu, na sauti yake aliijua, ilikuwa ya Mzee Hollis, akasema mtu aliyekubali kosa mwenyewe asitafutiwe mtetezi, na Delmar amwache kijana wetu Trace acheze. Kijana wetu! Delmar akainama mezani, paji la uso juu ya mikono.

"Si alikuwa anaongea vizuri, huyo Delmar wa Gesi," akasema.

Wynette akaja akamwekea mkono shingoni. "Nenda kwa Earnestine," akamwambia. "Si redioni. Kwa Earnestine."

Bado alichelewa. Aliona haya, na haya ya mtu mzima ni nzito kuibeba mpaka mlangoni. Alikwenda Jumapili ya mwisho kabla Lavonte hajaripoti gerezani.

Alimkuta kijana uani, chini ya gari kuukuu la bibi yake, anabadilisha mafuta. Viatu vile vikubwa vilikuwa vinatokeza. Alipomsikia akajivuta nje, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Mzee Delmar."

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Hili linakula mafuta sana. Nimemnunulia bibi mengine yapo gereji, lakini hajui kupima. Utampimia? Kila ukija na gesi, utazame tu."

"Nitampimia." Delmar aliangalia chini. "Lavonte, nimekuja kwa lile nililosema. Twende kesho kwa wakili, mimi na wewe. Useme kweli, na mimi niseme ni mimi niliyekutia maneno."

Kijana alitikisa kichwa, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Delmar. "Nilishamwambia wakili. Kasema nikigeuka sasa wataniongezea kosa la kudanganya. Na Trace hajibu simu zangu. Kwanza aliniambia ni wiki mbili tu, baba yake atalimaliza. Mimi nilikuwa naogopa, sikujua nishike lipi. Halafu nikawa chumbani nasikia redio, nikakusikia wewe." Akatabasamu kidogo, kitambaa mkononi. "Nikasema, basi. Kama Mzee Delmar anaona hivyo, ndivyo ilivyo. Wewe si ulikuwa unanijua."

Delmar akavitazama vile viatu vikubwa.

"Nakuomba kitu kimoja," Lavonte akasema, akashusha sauti. "Bibi hajui kwamba ni wewe. Usimwambie. Mimi siko hapa miaka miwili, na Jumamosi atakaa na nani? Wewe ndiye uliyebaki. Muwekee ile nafasi yake."

Na kabla Delmar hajajibu, mlango wa nyuma ukafunguka. Bi Earnestine alikuwa amevaa aproni, nyumba nzima inanukia kuku.

"Delmar Stuckey! Wewe ulipotelea wapi? Naona watu wote wamenikimbia, nikasema hata Delmar? Ingia ule. Leo nimempikia mtoto kila anachokipenda, kimebaki cha kulisha kijiji. Lavonte, nawa mikono."

Alimshikia mlango. Kijana alikuwa anamtazama Delmar, akimsihi kwa macho. Ingekuwa rahisi sana. Angeingia, angekula, angesifia kuku, na Jumamosi za mwaka ujao zingekuja na mayai ya kujaza kwenye sinia lile lile. Mtoto mwenyewe alikuwa amempa ruhusa. Lakini Delmar alikwisha kumuacha kijana huyu abebe mzigo wa mtu mwingine, na sasa alikuwa anaombwa amuachie na wa kwake pia.

"Bi Earnestine, ulinitaka nikisikia kitu nikuambie," akasema. "Mtu aliyemshauri ni mimi."

Akamwambia yote, pale pale uani, amesimama. Akamwambia habari ya kaunta ya Ouida na hesabu aliyoipiga ndani ya lori. Akamrudia maneno ya redioni, neno kwa neno, bila ule utamu. Akamwambia na uongo wa Alhamisi. Bi Earnestine alisikiliza mkono ungali kwenye mlango, joto la jiko likitoka na kupotea kwenye baridi.

"Sikujua kama ni miaka," Delmar akasema. "Naapa. Na sikumtaja. Nilijizuia, Bi Earnestine, kwa ajili yako. Jina lake sikulitaja hata mara moja."

"Hukulitaja," Bi Earnestine akasema.

"Hata mara moja."

Alimtazama mjukuu wake, akamtazama tena Delmar, na sauti ile ya kwaya ikatoka chini sana.

"Miaka yote hiyo unapiga simu pale, Delmar. Umewataja wote. Umemtaja mpaka mpiga tarumbeta wa bendi. Nilikuwa namuuliza huyu kila Jumatatu nikirudi kanisani, haya, leo Delmar kakusema? Ananiambia bado, bibi, bado. Siku uliyokuwa na neno la kumwambia mtoto wangu, ukamfunga, na hata jina lake hukumpa."

Akamwita Lavonte ndani, akafunga mlango. Delmar alisimama uani mpaka alipowasikia wakivuta viti mezani, ndipo akaenda kwenye pikapu yake.